Jinsi ya Kuandaa Ziara ya Planetariamu kwa Darasa au Kikundi cha Mtaani

Planetariamu ni ukumbi wenye kuba nyeupe kwa ndani, ambamo projekta huonesha anga la usiku hata kama nje ni saa tano asubuhi na jua linachoma. Ya kwanza ya mtindo wa kisasa ilitengenezwa na kampuni ya Zeiss na kuoneshwa katika Deutsches Museum mjini München, Ujerumani, mwaka 1923, na kwa miaka mingi baada ya hapo mtu aliyetaka kuona jambo hilo alilazimika kusafiri hadi mji mkubwa. Siku hizi zipo kuba za kitambaa zinazojazwa hewa kwa feni, ambazo hukunjwa zikaingia nyuma ya gari dogo, na ndizo zilizo rahisi kufika katika shule za kwetu. Nchini Kenya, kundi la Travelling Telescope, lililoanzishwa na Susan Murabana na Daniel Chu Owen, limekuwa likizunguka shuleni na kuba ya aina hiyo pamoja na darubini.

Mwongozo huu ni wa mwalimu, mzazi au kiongozi wa kikundi anayetaka kualika kuba kama hiyo. Nimewahi kupanga ziara hizi mara kadhaa, nyingine zikaenda vizuri, nyingine zikanitoa jasho, na nilichobaini ni kwamba mgeni huja na nyota tu. Chumba, giza, umeme, idadi ya watu, na hata kuamua ni anga la wapi litakaloonekana, hayo yote yanamngoja mwenyeji.

Hatua ya 1: Amua nani ataingia, kisha fanya hesabu

Kosa la kawaida ni kuanza na tarehe. Anza na watu. Kuba ya kitambaa yenye kipenyo cha mita 5 huingiza watoto wapatao 25 walioketi sakafuni pamoja na mwalimu mmoja. Ukiwaongeza, wa pembeni hugusana na kitambaa, joto hupanda, na wa katikati huanza kusukumana. Kila zamu huchukua dakika 40, na dakika 10 zaidi zinahitajika kwa kutoka, kuvaa viatu na kuingiza wengine. Kwa hiyo ukianza saa 2 asubuhi na kumaliza saa 8 mchana, ukatoa nusu saa ya chai na nusu saa ya chakula, zinabaki dakika 300, yaani zamu sita, yaani wanafunzi 150. Mkuu wa shule akikwambia kwamba shule nzima yenye watoto 600 ipite siku hiyo hiyo, mwoneshe hesabu hiyo kwa upole, kwa sababu kuwapitisha wote kunataka zamu 24, yaani dakika 12 na nusu kwa kila zamu pamoja na kutoka na kuingia, na muda huo hautoshi hata macho kuzoea giza.

Chagua darasa ambalo ziara italifaa. Mada ya mfumo wa jua, ambayo kwa muda mrefu imefundishwa katika Jiografia ya kidato cha kwanza nchini Tanzania, ni mahali pazuri pa kuiegemeza. Watoto wa chekechea nao wanaweza kuingia, ila zamu yao isizidi dakika 20, giza liletwe polepole, na awepo mtu mzima wanayemfahamu wa kukaa karibu na mlango, kwa kuwa hakosekani mmoja atakayelia.

Hatua ya 2: Tafuta tarehe kwa kutazama mwezi

Kama ziara ni ya mchana tu, tarehe yoyote isiyo ya mitihani inafaa, maana ndani ya kuba hakuna mawingu. Lakini nashauri kwa nguvu kwamba ziara ifuatwe na jioni moja ya kutazama anga lenyewe uwanjani, na hapo ndipo tarehe inapokuwa na uzito. Miezi ya Juni hadi Septemba ina usiku mkavu katika sehemu nyingi za Tanzania, ilhali masika huharibu mipango. Tafuta siku ambayo mwezi mwandamo una siku tano hadi nane: utakuwa juu mara baada ya magharibi, mabonde na milima yake itaonekana hata kwa darubini ndogo, na mwanga wake bado utaziachia nyota nafasi. Mwezi mpevu unapendeza kwa macho, ila hufuta karibu kila kitu kingine. Mwezi wa Ramadhani jioni zake zina shughuli za futari na tarawehe, kwa hiyo usipange mkutano wa usiku wakati huo katika mtaa wenye Waislamu wengi.

Ipo pia tarehe moja inayostahili kuwekwa kwenye kalenda mapema. Jumatatu, tarehe 2 Agosti 2027, kutakuwa na kupatwa kwa jua kikamilifu kutakakopita Afrika Kaskazini, Saudia, Yemeni na Somalia, na kwetu Kenya na Tanzania jua litaonekana likiwa limemegwa. Kuba iliyofika shuleni wiki chache kabla ya siku hiyo inaweza kuonesha jambo hilo lote kabla halijatokea, na itakuwa nafasi ya kuwaeleza watoto kwa nini hawapaswi kulitazama jua bila miwani maalumu ya kupatwa kwa jua. Wenye kuba watatafutwa sana kipindi hicho, kwa hiyo anayetaka kuwapata aanze kuandika mapema.

Hatua ya 3: Andika ombi lenye majibu ndani yake

Barua nyingi za maombi husema tu kwamba shule “ingependa kutembelewa”, kisha hufuata wiki tatu za kuulizana. Ombi zuri humaliza maswali kabla hayajaulizwa. Hili hapa ni la kuigwa:

“Ndugu Mratibu, salaam. Mimi ni mwalimu wa Jiografia katika shule ya sekondari ya kutwa. Tunaomba kutembelewa na kuba yenu siku moja katikati ya mwezi wa saba. Tuna wanafunzi 142 wa kidato cha kwanza katika mikondo mitatu, wakiwamo wawili wanaotumia viti vya magurudumu na mmoja asiyesikia. Tuna bwalo lenye urefu wa mita 14 na upana wa mita 8. Kutoka sakafuni hadi kwenye mapanga ya pangaboi ni mita 3 na nusu. Umeme upo, na jenereta ya akiba ipo. Tungependa maelezo yatolewe kwa Kiswahili. Tafadhali tujulishe gharama kwa siku, nani atalipia mafuta na malazi, na muda mnaohitaji kusimamisha kuba. Tunatanguliza shukrani.”

Nakala mpe mkuu wa shule, na pale utaratibu unapodai, afisa elimu pia. Ulizia gharama kwa siku badala ya gharama kwa kila mtoto, kwani bei ya kichwa huleta kishawishi cha kujaza watu, na pia humwacha nje mtoto ambaye nyumbani hawakuwa na kitu wiki hiyo. Kama wazazi watachangia, patikane kwanza mfadhili mdogo wa kuwafidia watakaoshindwa, bila majina yao kutajwa mbele ya wenzao.

Hatua ya 4: Pima chumba kwa futi ya kamba, usipime kwa macho

Hapa ndipo ziara nyingi hukwamia. Kuba ya mita 5 inataka sakafu tambarare na kavu ya takriban mita 6 kwa 7, ili pawe na nafasi ya feni, mlango na njia ya kuizunguka. Kwenda juu inahitaji mita 3 na nusu, lakini muulize mwenye kuba vipimo vyake halisi, maana hazifanani. Darasa la kawaida huwa na upana wa kutosha na bado likashindwa kwa sababu ya dari. Mara ya kwanza mimi nilipima urefu hadi kwenye dari, nikaridhika, nikasahau mapangaboi. Kuba iliposhiba hewa, kilele chake kilikaa sawasawa chini ya pangaboi lenye vumbi la miaka, na ikatubidi kumtafuta fundi wa kulishusha huku wanafunzi 25 wakiwa wamejipanga nje juani, viatu mkononi.

Kutandaza kuba nje, uwanjani, kunakatazwa na wengi, na wana sababu: upepo wa wastani tu unatosha kuiburuta. Paa la bati bila dari nalo ni tatizo, kwani kufikia saa sita bwalo huwa tanuri na ndani ya kuba huwa zaidi. Kama hakuna chumba kingine, zamu zote zipangwe asubuhi. Kitambaa cha kuba huzuia mwanga, lakini si wote. Madirisha yanayotazama jua yafunikwe kwa turubai au mapazia mazito, na mlango wa bwalo uwe na mtu wa kuulinda, kwani kila anayechungulia huzima nyota za walio ndani.

Kuhusu umeme, feni, projekta na kompyuta kwa pamoja kwa kawaida hazifiki kilowati moja, hivyo jenereta ya kilowati 2 inazitosha. Ujanja uko kwenye feni, kwa sababu ndiyo inayoishikilia kuba muda wote na haizimwi hata kwa dakika moja ya mapumziko. Iwe na soketi yake peke yake, isishirikiane na birika la chai la ofisi ya walimu, na waya wa ekstensheni upite ukutani, usikatize mlangoni ambapo watoto watapita gizani. Umeme ukikatika, kuba haianguki kwa kishindo. Husinyaa taratibu, na kitambaa chake ni chepesi. Hata hivyo, kabla ya zamu ya kwanza, mwongozaji awaeleze watoto jambo hilo na awaoneshe njia: kubaki wameketi, mwalimu anafungua zipu, wanatoka mmoja mmoja kuanzia walio karibu na mlango. Muulize pia mwenye kuba kama kitambaa chake ni cha kuzuia moto. Swali hilo halimkasirishi mtu makini.

Hatua ya 5: Kubalianeni juu ya anga na majina

Programu nyingi za kuonesha nyota zimetengenezwa Ulaya au Marekani, na mwongozaji mvivu huacha anga la huko likiwa limefunguka. Nimewahi kushuhudia watoto wa pwani wakifundishwa kwa robo saa nzima namna ya kuipata Nyota ya Kaskazini, ambayo kutoka Dar es Salaam haionekani kamwe, kwa kuwa iko chini ya upeo wa macho. Kwa hiyo omba kwa maandishi kwamba kuba ifunguliwe kwa mahali penu, kwa tarehe ile ile, saa 2 usiku. Mtoto atakayetoka nje jioni hiyo na kukuta Msalaba wa Kusini au Nge pale pale alipooneshwa mchana, huyo hahitaji kuhimizwa tena.

Majina nayo yajadiliwe kabla. Kwa Kiswahili sayari zina majina ya kale yaliyokuja na Kiarabu: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii, Zohali. Lakini vitabu vya shule havikubaliani. Sayari yenye pete, ambayo kamusi huiita Zohali, kuna vitabu vinavyoiita Sarateni, jina ambalo asili yake ni buruji, yaani kundi la nyota, ya Kaa. Mwongozaji akitumia jina moja na mwalimu akafundisha jingine, mtoto atadhani ni sayari mbili. Kaeni chini dakika kumi, mchague, na mwalimu ayaandike ubaoni siku moja kabla.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni Kilimia. Karibu kila mtoto wa Kiswahili ana bibi aliyewahi kumwambia kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, lakini ni wachache waliowahi kukiona kikizama na kuzuka. Ndani ya kuba jambo hilo huchukua dakika tatu. Mwombe mwongozaji aanze na jioni ya katikati ya Aprili, Kilimia kikiwa chini upande wa magharibi, kisha asogeze tarehe siku baada ya siku kwa saa ile ile: kundi lile dogo la nyota litashuka, litamezwa na mwanga wa machweo mwezi wa Mei, halafu abadili saa iwe alfajiri, na mnamo Juni litaibuka mashariki kabla ya jua. Watoto huelewa wenyewe kwamba wakulima walikuwa wakisoma kalenda. Mabaharia nao wana lao: nyota ya Suheli, ambayo jina lake lilikuwa pia jina la upande wa kusini, ioneshwe kwa watoto wa visiwani na mwambao kabla ya nyota yoyote yenye jina la kigeni.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Wageni wapewe saa moja na nusu kabla ya zamu ya kwanza. Sakafu iwe imefagiliwa na kutandikwa mikeka au majamvi. Pawepo mwalimu mmoja ndani ya kuba, mwingine nje, na kiranja mwenye orodha ya majina ya kila zamu.

Kisha kuna suala la viatu, ambalo hakuna anayelifikiria hadi limtokee. Watoto 25 wanavua viatu 50 vyeusi vinavyofanana, wanaingia, wanatoka wakiwa wamepofushwa na mwanga, na dakika kumi za kubadilishana zinaishia kwenye ugomvi wa saizi 38. Dawa yake ni chaki. Chora sakafuni visanduku 25 vyenye namba, kila mtoto aweke jozi yake kwenye kisanduku chake na aingie kwa namba hiyo. Visanduku hivyo hivyo vitakuonesha papo hapo kama yuko aliyebaki ndani.

Ndani, wakubwa wakae pembeni na wadogo katikati, na simu zote zizimwe, za walimu zikiwa za kwanza, kwa kuwa skrini moja hurudisha macho ya wote mwanzo. Wenye kifafa waulizwe kabla, kupitia wazazi, na mwongozaji aombwe asirushe picha zinazomulika-mulika wala kuzungusha anga kwa kasi. Asiyesikia hawezi kumwona mkalimani wake gizani, hivyo mkalimani apewe tochi ndogo iliyofunikwa karatasi nyekundu na akae mbele yake. Kiti cha magurudumu hakipiti katika kila mlango wa kuba. Kuba nyingine huweza kuinuliwa upande mmoja kwa muda mfupi, na ndiyo sababu jambo hilo liliwekwa kwenye barua.

Kwa vikundi vya mtaani

Kikundi cha akina mama, vijana wa kanisa, madrasa au wazee wa mtaa hufaidi ziara hii sawa na wanafunzi, ila mambo machache hubadilika. Zamu ziwekwe Jumamosi alasiri au jioni, zisiingiliane na sala. Wazee wasiketishwe chini. Weka viti vifupi pembeni, na upunguze idadi hadi watu 15. Wenye vichanga wakae karibu na mlango.

Tangazo lenu liandikwe kwa uangalifu. Kwa Kiswahili neno nyota lina maana mbili, na falaki kwa wengi ni elimu ya kutabiri. Tuliwahi kubandika bango lililosema “Njoo uijue nyota”, na mzee mmoja akafika mapema kuliko wote, akanikabidhi kikaratasi chenye jina lake na la mama yake. “Mwanangu,” akasema, “nitazamieni yangu kwanza, nina safari.” Nilimwamkia, nikamweleza, na kwa bahati hakuudhika, aliingia, akakaa, na ndiye aliyewaeleza vijana namna baba yake alivyotoka Pemba usiku kwa kufuata nyota. Tangu hapo bango letu husema “Kuona nyota, sayari na mwezi, pamoja na maelezo ya kisayansi, hakuna utabiri.” Maswali ya dini yataulizwa pia, hasa juu ya kuandama kwa mwezi. Mwongozaji aombwe aeleze kile kinachoonekana na hesabu zake, na hukumu awaachie masheikh.

Mkienda kwenye ukumbi wa kudumu

Kusafiri hadi ukumbi wa kudumu kunaongeza basi, fomu za ruhusa za wazazi, maji, chakula na muda wa njiani. Fika nusu saa kabla, kwa sababu kumbi nyingi hazifungui mlango giza likishaanza. Ukiwa na basi moja la watoto 50, uliza kama wataingia kwa pamoja au kwa mafungu mawili, na kama ni mawili, panga kazi ya fungu linalosubiri.

Baada ya ziara

Jioni ile ile, au ndani ya wiki moja, watazame anga uwanjani hata bila darubini. Darasani, simika kijiti kilichonyooka wima na watoto wapime kivuli chake kila siku ifikapo mchana. Kwa wa Dar es Salaam, jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu tarehe 10 Oktoba, muda kidogo baada ya saa sita mchana, na kivuli cha kijiti hujificha chini ya kijiti chenyewe. Ziara ya Julai inaacha miezi miwili na zaidi ya kupima hadi siku hiyo. Daftari la vipimo libaki darasani, na nakala ya kurasa zake mtumieni mwenye kuba pamoja na stakabadhi ya malipo.